Dua ya Umri Mrefu

Nikisikia harufu ya ubani namwona mama, amepiga magoti mbele ya chetezo, macho mekundu kwa moshi. Arobaini ya baba ilikuwa haijafika, na baba mdogo alishatunyang'anya minazi yetu yote ya Mchinga. Tulikula mihogo mitupu. Majirani wakamshauri mama amsomee halbadiri ili afe.

"Afe?" mama alisema. "Mimi namwombea umri mrefu. Mungu ampe uhai mpaka wanangu wasimame, na yeye awaone."

Nikaitikia amina huku njaa ikinikata tumbo.

Leo nimechoma ubani katika chetezo kilekile. Mzee mwenye mkongojo akabisha hodi, anaomba nazi mbili.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, macho chini.

"Nitazame kwanza, baba mdogo."