Gari Nililolikata Springi

Krismasi iliyopita nilipanda nyumbani kutoka Moshi na gari langu la spoti, nimelikata springi mpaka tumbo linakaribia kulamba lami. Ujinga mtupu, kwetu mlimani lami yenyewe haijafika! Asubuhi baba, ndani ya suti yake, akaomba nimpeleke kanisani. Kila penye jiwe gari lilikwaruza, naye akashuka ili liinuke kidogo, akavuka kwa miguu, akaingia tena. Majirani waliokuwa wakitembea walitupita wakimwamkia, "Shikamoo mzee." Uso uliniwaka, nikajifanya nashughulika na gia. Tulipofika kanisani alifuta vumbi kwenye viatu, kisha akalipapasa gari kwenye boneti.

"Zuri, mwanangu," alisema. "Likikua litanibeba."