Dakota ya Papa Hamadi

Mahmoudi ni fundi wa vitanda, na nusu ya mtaa wa Kabondo wanalala juu ya kazi yake. Kwa hiyo alipoanza kuchonga ndege ndogo ya kurusha angani, watu walicheka mpaka wakachoka. Acha wacheke. Wao hawakuwa wakila naye nyumbani.

Kila jioni mama yake, Hadidja, alimtengea mume wake lituma, ndizi za kuponda, na samaki, akafunika. Mume huyo, Papa Hamadi, alikuwa makanika wa ndege moja kuukuu ya mizigo, Dakota. Wakati wa vita ilipaa naye kutoka uwanja wa ndege wa Simi-Simi, na mpaka leo haijashuka popote: hakuna bati lake, hakuna maiti, hakuna kaburi. Ndugu walitaka matanga, wakamsihi mama avae nyeupe akae eda kama wajane wengine. Alikataa katakata. Eda ni ya mtu aliyekufa, aliwaambia, na wa kwake yuko safarini. Akazeeka akimngojea, na kila asubuhi Mahmoudi ndiye aliyemwaga kile chakula. Roho ilimuuma sana.

Alidhani akimtengenezea mama mfano wa ile ndege, ikaruka mbele ya macho yake, moyo wa mama utatulia. Akamweleza mama.

"Kuruka haiko kitu," alisema. "Ile siku iliruka muzuri, niliiona na macho yangu. Miye nataka nione inarudia, inashuka chini."

Haya. Mahmoudi akavuka mto kutafuta parasolie, ule mti mwepesi unaoota kwenye mashamba yaliyoachwa. Vipimo alivitoa kwenye picha ya baba yake akiwa amesimama chini ya bawa. Urefu wa baba, wa kupimia lile bawa, aliukadiria kwenye suruali ambayo mama aliitunza sandukuni. Mbavu za mabawa alizichonga kwa wembe, akazivika karatasi. Mota alizitoa kwenye drone iliyovunjika ya mpiga picha wa harusi. Kisha mazoea yakamponza: akaipaka vernisi tabaka juu ya tabaka, ikang'aa kama kitanda cha bibi harusi. Uwanjani ikakimbia, ikakimbia, ikaishia kwenye majani. Nzito mno, masikini! Aliona aibu, lakini akayachana mabawa, akaanza upya bila kung'arisha chochote.

Ilipokuwa tayari, alimleta mama kwenye uwanda wa kando ya Simi-Simi. Ndege ikapaa, ikazunguka juu ya miti. Mama hakuitazama huko juu. Alikazia macho ardhi ambapo ingeshukia. Mahmoudi aliishika rimoti kwa mikono miwili, maana kwenye majaribio, kushusha ndiko kulikomvunjia magurudumu. Akapunguza nguvu ya mota, akaiacha ije polepole. Ikagusa chini, ikadunda kidogo, ikagusa tena, ikaja ikasimama karibu na miguu ya mama.

Mama aliinama, akaweka kiganja juu ya bawa.

"Iko ile yenyewe," alisema. "Na yeye haiko ndani."

Mahmoudi alikuwa amejiandaa kwa furaha ya mama, hata kwa hasira yake. Hakujiandaa kwa hilo. Ni yeye aliyelia, pale pale na rimoti mkononi, kwa sababu naye kumbe alikuwa akiutazama ule mlango mdogo aliouchonga, akingojea mtu ashuke.

Jioni hiyo mama alipakua chakula chao wawili tu. Asubuhi yake alivaa nyeupe, akaingia eda.