Mpichi wa Kitovu

Watu wakinisikia nikisema nauchukia mti, hucheka. Wacheke tu. Hawakuubebea maji. Mimi niliubebea miaka mitatu na nusu, mitungi miwili kila alasiri kutoka bombani hadi kwetu mtaa wa Waberi, na mti wenyewe haukunifika hata kidevuni.

Ulikuwa mti wa pichi, ile aina fupi inayotanuka kama kichaka. Ulitoka kwa afisa mmoja wa kilimo, mtu wa nyanda za juu. Aabo, baba yangu, alikuwa bawabu katika ofisi yao, na yule afisa alipohamishwa kurudi Kenya (ndivyo tulivyosema, Kenya, kana kwamba Garissa iko nchi nyingine) alimwachia aabo mti ukiwa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Akamwambia unazaa mapema. Labda alisema kweli, kwa kule kwao kwenye ukungu. Sisi ukungu tuliusoma vitabuni.

Wiki hiyo hooyo, mama yangu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kwa wafugaji wa kwetu, kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka, hufungwa mkiani mwa ngamia jike. Tangu siku hiyo ngamia yule ni wa mtoto, na ndama wake wote ni wa mtoto, ili akue akiwa na chake. Lakini aabo hakuwa na ngamia tena. Ukame ulikuwa umewamaliza wote upande wa Habaswein, ndipo tukahamia mjini, naye akabaki na rungu la ubawabu na redio. Basi akachukua uzi, akakifunga kile kitovu kwenye shina la mpichi.

“Huyu ndiye ngamia wake,” akasema.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, nikacheka. Aabo akanigeukia.

“Na wewe ndiye utakayemnywesha.”

Kicheko kilinikauka hapo hapo. Nilidhani ni mchezo wa wiki moja, wallahi. Sikumjua bado baba yangu.

Mtu aliyefuga ngamia maisha yake yote anajua jambo moja: mnyama akinywa vizuri, atazaa. Aabo hakuwa na elimu nyingine, na hiyo moja aliimiminia ule mti mchana baada ya mchana. Maji ya kuoshea vyombo aliyakataa, eti ngamia wa mtoto hanyweshwi sabuni. Maji ya udhu yalimwagwa shinani. Bombani foleni ilianza kabla ya adhana ya alasiri na ilikwenda mwendo wa kinyonga, akina mama wakisukumana, jua likitupiga utosini, halafu mtungi wa kwanza mgongoni mpaka nyumbani, kumimina, kurudi kupanga foleni upya kwa wa pili. Nikifika ndani giza limeanza kuingia na mikono imechoka hata kalamu haishikiki.

Mti ulinona. Majani yalikuwa mengi, marefu, yanang'aa. Ua hata moja hapana. Jirani yetu akipita hakosi kumtania aabo: “Vipi, ngamia wa mwanao ameshika mimba?” Aabo hujibu, “Inshallah,” kwa uso mkavu kabisa, na mimi nasikia aibu kwa niaba yake, halafu nakasirika kwa kuwa nimemwonea aibu. Nilipolalamika aliniahidi, na aliyasema haya mbele ya hooyo: “Ukizaa tu, utapumzika.”

Nilipofika darasa la nane mwalimu wa hesabu alianza kutubakiza mchana kujiandaa kwa mtihani. Bila mtihani ule hakuna sekondari, na bila sekondari nilijua fika kinachonisubiri, maana wenzangu wawili walikuwa wameshaozwa. Nikamwendea aabo.

“Aabo, darasa la nane wanabaki mchana.”

“Wabaki.”

“Na mimi je?”

“Na mti je?”

Hivyo tu. Akaongeza sauti ya redio.

Mwishoni mwa mwezi wa nane kaka yake aabo alifariki Habaswein. Akaenda mazikoni, na akakaa huko miezi miwili kwa mambo ya familia. Siku ya kwanza alipoondoka niliipeleka mitungi nyuma ya nyumba, nikaifunika kwa gunia, nikabaki shuleni. Hooyo hakuuliza. Maji ya nyumbani tu ndiyo tuliyoteka, basi.

Lakini miezi ya mchana niliyoikosa hairudi kwa wiki mbili. Tulipopewa majaribio, mwalimu aliishika karatasi yangu kwa vidole viwili mbele ya darasa zima akasema, “Wewe hukuwa unabaki. Usitegemee kitu.” Watoto wakaangua kicheko. Nilirudi nyumbani damu inanichemka. Sikuvua hata viatu. Nilikwenda moja kwa moja kwa ngamia wa ndugu yangu, nikaanza kuunyonyoa. Mwanzo jani moja moja, kisha kwa mkono mzima, tawi zima nalivuta toka mwanzo hadi ncha mpaka viganja vikawa vya kijani. Nililia, nilitukana, nilisema maneno ambayo mtoto wa Kiislamu hayasemi. Kile kitovu kikavu kilikuwa bado kwenye uzi wake. Hicho sikukigusa. Hata hasira ina mpaka.

Hooyo alikuwa amesimama mlangoni, mdogo wangu ameshika nguo yake.

“Umemaliza?”

“Bado.”

“Maliza, kisha ufagie.”

Nikamaliza, nikafagia. Ukabaki rundo la vijiti, na kwa wiki zote zilizobaki haukupata tone.

Aabo alirudi akaweka mkoba chini, akauona. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani. Aliniangalia akasema, “Umetaka kumuua ngamia wa mtoto,” na hakusema nami tena kwa siku nyingi. Afadhali angenichapa! Maji alibeba mwenyewe safari hii, akitoka kazini, na sikumhurumia hata chembe.

Kisha mvua ikanyesha, kidogo tu. Na wiki ile ile niliyofanya mtihani, vile vijiti vitupu vikatoa maua. Ya waridi, madogo, yamebana kwenye matawi makavu bila jani hata moja. Sitaki kuyasifu. Lakini watu walikuja kutazama kutoka nyumba za mbali, masha'Allah zikajaa uani, na aabo alisimama katikati kama mtu aliyerudishiwa zizi zima.

“Ni dua,” aliwaambia. “Kule Habaswein nilimwombea mwanangu.”

Nilishindwa kuvumilia. Wageni walipoondoka nilimwambia, “Ni mimi, aabo. Nilinyonyoa majani yote na nikaunyima maji. Miaka mitatu ulikunywa, ulizaa nini?”

Akacheka. Baada ya kuninunia siku zote zile, akacheka! “Naa, msichana wewe, ni mnyama gani ananyimwa maji ndipo azae?”

“Haya. Lakini uliniambia ukizaa nitapumzika.”

“Sasa ana mimba,” akasema. “Mwenye mimba hunywa zaidi.”

Mitungi miwili ikawa mitatu. Nakuapia, kama si hooyo kunishika mkono, ningeung'oa siku ile na mizizi yake.

Maua mengi yalipukutika. Yalibaki matunda matatu, madogo kama ndimu, yenye manyoya. Barua ya sekondari ilifika yakiwa yameanza kuwa mekundu upande mmoja. Nilikuwa nimepita, si kwa kishindo, lakini nimepita, na nimeitwa shule ya bweni ya wasichana. Niliisoma barua kwa sauti uani. Aabo alikuwa amechuma pichi la kwanza wakati huo huo, analifuta manyoya kwa shati lake.

“Nani atamnywesha?” ndilo alilosema. Hakusema hongera. Hakusema alhamdulillahi. Akampa mdogo wangu lile tunda, mwenye mali, naye akauma mara moja, akakunja uso, akalitema mchangani.

Hapo hooyo akaweka sufuria chini. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno, na sikupata kumsikia akimpandishia aabo sauti kabla ya hapo wala baada.

“Mwambie kuhusu mbuzi,” akasema.

Aabo akainama kuliokota lile tunda.

“Basi nitamwambia mimi. Wewe pia, binti yangu, ulifungiwa kitovu. Wewe hukufunga,” akamnyooshea aabo kidole, “eti msichana. Mama yangu ndiye aliyemfungia, mbuzi jike mmoja. Akazaa mpaka wakawa kumi na mmoja. Ngamia wako walipokufa, mbuzi wake walikuwa hai. Ni nani aliyetutoa Habaswein? Lori lile tulipanda kwa mbuzi wa nani? Nyumba hii tuliingia kwa mbuzi wa nani? Kuna siku ulimuuliza?” Akavuta pumzi. “Maji nitabeba mimi. Mtoto anaenda.”

Miaka yote ile nilikuwa nikimnyweshea mwenzangu mali yake, na yangu ilikuwa imeshaliwa, na mimi mwenyewe niliila bila kujua. Nilimtazama aabo nikingoja aseme neno lolote. Alichuma mapichi mawili yaliyobaki, akayapeleka kwa rafiki zake msikitini. Sikuonja hata moja.

Nilikwenda. Na huko, katika somo la kilimo, mwalimu alitueleza bila kujua ananiambia nini. Mpichi unahitaji baridi ili upukutishe majani na kulala. Usipolala hauchanui. Mahali pa joto, wakulima huunyonyoa majani kwa mikono na kuukatia maji, waudanganye kuwa baridi imekuja. Nilikaa na kalamu yangu hewani. Kumbe wazimu wangu ulikuwa ndio ukulima wenyewe.

Likizo yetu ilikuwa mwezi wa nane, wakati hasa unaofaa. Kila mwaka nilirudi nikaukuta umejaa majani, umenona, tasa. Kila mwaka nilikaa kwenye kivuli chake kidogo na sikugusa hata jani. Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi.

Mwaka wa tatu aabo alikuja akakaa karibu nami. Ndevu zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Alichezea lile fundo la uzi muda mrefu.

“Ile mara moja,” akasema, hanitazami. “Ulisema uliufanyaje huu mti?”

Miaka yote nilikuwa nikilingoja swali hilo. Jibu nilikuwa nalo ulimini.

“Nilisema uongo, aabo. Ilikuwa dua yako.”

“Haya,” akasema, akatikisa kichwa polepole, kisha akaita maji.

Hooyo akaingia kutoka bombani, ameinama, mtungi mgongoni, kamba imemkaza kifuani. Ulikuwa wa kwanza kati ya mitatu. Akaumimina wote shinani, akajinyoosha kwa shida, mkono kiunoni, akaniona nimekaa.

“Sogea kidogo, mwanangu,” akasema. “Usilowe.”