Televisheni ya Chogo ya Bibi Elinami

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ukungu wa Mlima Meru unaposhuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Nitakusimulia, kwa sababu nakuona unavyoifanya kazi yako ya ufundi kwa haraka, na haraka hiyo naijua. Iliwahi kuwa yangu.

Mwaka ule walipozima mitambo ya zamani ya kurushia matangazo na kutuhamishia dijitali, nilikuwa na kibanda cha kutengeneza televisheni pale mtaa wa Kijenge. Umri nilikuwa nao wa kutosha, ila kichwa kilikuwa bado cha kijana. Mji mzima ulinitafuta. Asubuhi niko Sombetini nafunga king'amuzi, mchana nimeshavuka mji kwenda kufunga kingine. Watu walinipokea kama daktari, na sifa zikanilevya. Nikaanza kuamini kwamba mtu ambaye televisheni yake inatoa chenga tu, vile vidoti vinavyochezacheza pasipo picha, shida yake naijua kabla hajafungua mdomo.

Basi akaja mwalimu mmoja, tukimwita Mama Neema. Mama yake mzazi, Bibi Elinami, alikuwa akiishi peke yake juu kule, ukishapita Usa River na kupandisha kuelekea mlimani.

"Fundi, mama anaangalia chenga," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu. "Tangu mitambo izimwe. Kila siku saa kumi jioni anakaa mbele ya ile televisheni yake ya chogo, ya kizamani yenye mgongo mkubwa, mpaka giza linaingia. Kamfungie king'amuzi, hata akikataa."

Nilikwenda. Ulikuwa mwezi wa saba, ule wa baridi, na ukungu ulikuwa umekaa kwenye migomba kiasi kwamba nyumba niliiona nilipokuwa nimeshaukaribia mlango. Ndani, bibi mwembamba mwenye sweta la kijivu alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mbele yake chenga zilikuwa zikichemka kwenye kioo, sauti ikiwa chini, ssss, kama mvua ya mbali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu. Ila sogea pembeni kidogo, unanizibia."

Hakugeuka kunitazama. Nikamuuliza anaangalia nini.

"Namwangalia mzee."

Mzee Isaya, mumewe, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Hilo Mama Neema alikuwa ameniambia.

"Alianzia mbali," bibi aliendelea, taratibu, kama anayenieleza habari za shambani. "Mwanzoni alikuwa kule barabarani. Juzi alivuka mfereji. Jana alikuwa kwenye migomba. Leo ataingia uani."

Mwanangu, nilicheka. Wala sikucheka kwa kujificha. Nikamwambia, "Bibi, hizo ni chenga tu, antena haipati kitu," nikachomoa waya kwenye umeme. Ile sauti ilipokatika, nyumba ilinyamaza mpaka nikasikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Bibi akanishika mkono wa koti.

"Usizime. Hajafika."

Nikautoa mkono wake, kidole kimoja kimoja, kama unavyomtoa mtoto aliyeng'ang'ania kitu. Nikatoka nje, nikaishusha nguzo ya antena ya zamani, nikasimamisha mpya, nikafunga king'amuzi. Picha ikaja safi, mtangazaji na rangi zake zote. "Umeona, bibi?" nikasema kwa majivuno. Aliitazama picha, kisha akautazama mlango.

"Sasa atapitia wapi?" aliuliza.

Nilifunga mkoba wangu nikashuka. Njia nzima hadi barabarani nilihisi kama kuna mtu anatembea upande wa pili wa migomba. Nikisimama, anasimama. Nikajiambia ni matone.

Kesho yake Mama Neema alinipigia akilia. Wanawake waliokwenda kukata majani ya ng'ombe walikuwa wamemkuta mama yake kando ya mfereji, miguu mitupu, amelowa chapachapa, amesimama tangu alfajiri. Aliwaambia amekuja kumpokea mume wake, kwa kuwa fundi ameifunga njia. Wakambeba hadi zahanati. Homa ya mapafu. Kwa siku tatu hakuweza kusema, na mimi siku hizo tatu sikushika bisibisi. Siku ya nne aliporudishwa nyumbani, alisema anamtaka fundi.

Nilimkuta amelazwa kwenye kitanda sebuleni, blanketi hadi kidevuni. Mama Neema alikuwa jikoni akichemsha uji. Bibi alinitazama, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyepotewa na akili.

"Unadhani sijui kwamba amekufa?" alisema. "Kaburi lake liko nyuma ya nyumba hii. Nalifagia mwenyewe kila Jumamosi. Lakini siku walipompeleka hospitali, taarifa ya habari ya saa kumi ilikuwa inakaribia kuanza. Akageuka pale mlangoni akaniambia, 'Usizime, narudi.' Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Wewe hukuniuliza. Ulinicheka ndani ya nyumba yangu, na mkono wangu ukautoa kama uchafu."

Nilipiga magoti, mwanangu, mtu mzima mimi. Nikamwomba radhi. Kisha nikatoka, nikaisimamisha tena ile nguzo ya zamani, nikavuta waya wake hadi ndani na kuuchomeka kwenye televisheni badala ya king'amuzi. Ilikuwa imeshapita saa kumi. Chenga zikarudi. Nikakaa kwenye kigoda kuzitazama, kwa macho ya fundi, nijiridhishe kwamba hakuna kitu.

Wewe unajua kwamba mtu akipita karibu na antena, picha inacheza. Chenga zilikuwa zimetulia. Kisha zikakolea, zikafifia. Zikakolea, zikafifia. Kwa mwendo wa hatua za mtu asiye na haraka. Nikainuka nikaenda dirishani. Nguzo ilikuwa imesimama peke yake kwenye ukungu, hakuna aliyekuwa karibu nayo. Nyuma yangu mwanga wa chenga uliendelea kucheza ukutani, hatua kwa hatua, kisha ukasimama. Ile sauti ya ssss nayo ikazama.

Bibi alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Hakuwa akiangalia televisheni. Alikuwa akiangalia mlango, ambao niliuacha wazi.

"Umechelewa," alisema polepole, na uso wake ulikuwa laini kama wa msichana. "Ingia basi, kuna baridi."

Ubaridi ukapita magotini pangu. Sikugeuka. Mimi niliyecheka, nilishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, nikaviangalia viatu vyangu. Nilichosikia baadaye ni sauti ya bibi, safari hii akiniambia mimi:

"Sasa zima, baba."

Nikazima. Mama Neema akaingia na uji, akauliza kumetokea nini mbona nimekuwa hivyo. Nikamwambia narekebisha waya.

Bibi Elinami alipona. Aliishi miaka mingine, akitazama taarifa kwenye king'amuzi nilichomrudishia na kuwagombeza watangazaji. Habari za chenga hakuzitaja tena, nami sikuthubutu kumuuliza.

Mwanangu, sikuambii kwamba wafu hupita kwenye antena. Nilichokiona nimekueleza, na maelezo yake sina mpaka leo. Ninalokuusia ni hili. Ukiingia nyumbani kwa mtu kuondoa kitu cha zamani, muulize kwanza anakitumia kwa nini, na usubiri jibu lake hata kama una nyumba nyingine tano zinakungoja. Usimcheke mzee kwa sababu wewe unaona kioo kitupu. Ujuzi wako unajua waya, haujui yaliyosemwa mlangoni siku moja kabla hujafika. Na mkono wa mtu ukikushika, ukikuomba ungoje, ngoja.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe moyo usiodharau mtu. Nyumba utakazoingia zikupokee kwa amani, na utakapotoka, wenyeji wabaki na amani yao. Nenda salama, mwanangu.