Jina la Ulimbo Kwenye Ubao wa Timu

Sisi tuliokulia Moroni miaka ile ya mamluki tusidanganyane: tulikuwa na raha! Wajukuu wangu wakinisikia nasema hivyo hutazamana, wakadhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Umeme ulikuja ulipopenda, sukari ilipotea dukani kama bwana harusi aliyeghairi, na wale askari wa Kizungu waliomlinda rais walipopita na magari yao, mtu ulilimeza neno lililokuwa mdomoni. Kuta zina masikio, Koko alituambia kila siku, ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, na wangu ndiye aliyenilea pamoja na Mama. Raha ya nini basi? Raha ya mpira, jamani! Ninyi wa rika langu mtanishuhudia, maana hakuna hata mmoja wetu ambaye hakuwahi kupanda juu ya paa la watu kutazama mpira.

Uwanja wetu ulikuwa wa changarawe nyeusi, mawe ya mlima wa moto yaliyosagwa na miguu ya watu. Ukianguka, kokoto inabaki ndani ya goti, na Mama huitoa kwa sindano huku akikutajia watoto wote walioharibikiwa kwa kutowasikia mama zao. Wasichana hatukuruhusiwa kukaribia mstari. Tulipanda juu ya nyumba ya jirani, tukabanana pale na shelisheli la kuchoma limefungwa kwenye jani, moto mpaka unalihamisha mkono kwa mkono, na pilipili yake pembeni. Vijana wa leo wanatazama mpira wa Ulaya wamelala kwenye kochi, halafu wanasema wamechoka. Wamechoshwa na nini?

Golikipa wetu alikuwa mjomba wangu Sule, kaka yake Mama. Mtaa mzima ulimwita Ulimbo, kwa ule utomvu wa mshelisheli tuliotegea ndege, kwa sababu mpira ukimfika mikononi ulikuwa haubanduki. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka ovyo, na magoti yake yalikuwa meusi kuliko mwili wake mzima kwa ajili ya zile changarawe. Nilimpenda mjomba wangu kuliko sikukuu, na sioni haya kusema hivyo mpaka leo.

Siku iliyompa sifa ni ile waliyokuja vijana wa Mutsamudu. Walifika kwa meli kutoka kisiwa cha Ndzuani, wengine bado wanayumba kwa kutapika, lakini walikuwa na mtu mmoja aliyetutisha sote. Aliitwa Fundi Shaibu, mchonga milango, na mguu wake wa kulia ulipiga kama nyundo zake. Tulikuwa tunaongoza kwa goli moja, na refa alikwisha kuitazama saa yake, ndipo wakapata penalti. Juu ya paa tulishikana mikono. Nilisoma Fatiha nikaikosea, nikaanza tena. Shaibu akapiga. Mjomba hakuupangua ule mpira, wenzangu. Aliudaka! Aliurukia, akaukumbatia hewani, akaanguka nao kwenye mawe, na alipoinuka damu inamtoka kiwikoni mpira bado ulikuwa kifuani.

Paa nusura lishuke nasi. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kilichofuata. Shaibu alimwendea Mjomba, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama kwa utulivu kama fundi anayekagua ubao kabla ya kuununua. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Koko alipohadithiwa alisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Huyo wa Mutsamudu ni mshindani."

Sasa niwaeleze habari ya majina. Timu yetu ilikuwa na chumba kando ya bangwe, ule uwanja wa mtaa wenye mabenchi ya mawe ambako wanaume hukaa na kuamua mambo. Ndani ya chumba hicho zilitundikwa mbao za takamaka zenye majina ya wachezaji wakubwa waliostaafu, yamechongwa kwa herufi za Kiarabu, zile zile tulizochapiwa bakora kwenye chuo cha Kurani. Majina hayakuchaguliwa kila mwaka. Walisubiri mpaka wastaafu wa kutosha wapatikane, ndipo baada ya sala ya alasiri mtaa mzima unakusanyika, wanaume kwenye mabenchi, wanawake madirishani, sisi watoto popote penye upenyo.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Nassur, mtu wa sauti nzito na joho safi. Jina likitajwa, aliuliza maswali matatu na watu wakajibu kwa pamoja. Amecheza mpaka miguu ikakataa? Hajawahi kumpiga refa? Ni mtu mzima? Wakijibu "Ewa!", yaani ndiyo, mara tatu, vigelegele vinashuka madirishani, wanawake wanamwaga mchele, na mchezaji anavishwa mharuma, shali ya heshima ya mabegani, akakaa kiti cha mbele. Mchezaji aliyekuwa akitukanwa kila Jumapili kwa kukosa magoli, siku hiyo alilia kama bibi harusi. Nawaambia, hakuna kikombe cha dhahabu kinachoweza kukupa kile.

Wasiotoka Ngazidja, kisiwa chetu, watauliza swali la tatu lina maana gani, maana kila mstaafu ana ndevu. Kwetu ndevu si hoja. Mtu mzima ni aliyefanya anda, ile ndoa kuu ya kulisha mji mzima. Asiyeifanya, hata awe na mvi, ni mtoto wa mtaa: hasemi bangwe, havai mharuma. Serikali iliyotangulia mamluki ilikuwa imeipiga anda marufuku. Serikali ile ilipoangushwa, anda ikarudi na njaa yake yote, ngoma kila wiki, na watu wakawa wakali kuhusu mila kuliko wazee waliowaachia.

Mwaka ambao miguu ya Mjomba ilikataa, jina lake lilitajwa la kwanza. Nilikuwa na miaka kama kumi, nimevaa gauni la Idi ingawa haikuwa Idi.

"Sule amecheza mpaka miguu ikakataa?"

"Ewa!" Hata kunguru waliruka.

"Hajawahi kumpiga refa?"

"Ewa!"

"Ni mtu mzima?"

Kimya. Nilingoja, nikadhani hawajasikia. Nikafungua mdomo nijibu mimi, Koko akanifinya paja. Mzee Nassur aliteremsha sauti, na nadhani kweli alimwonea huruma. "Sule ni mwanetu. Lakini mila haijui kudaka mpira. Akifanya anda, tutamwita."

Mjomba alicheka kicheko chake kile kile. "Basi mtoto akacheze," akasema, akaokota mpira wa wavulana, akateremka nao uwanjani. Yakapita majina manne mengine, mmoja wao akiwa beki aliyetufungisha mara nyingi kuliko wapinzani, lakini alikuwa ameoa kwa ng'ombe na ngoma, kwa hiyo "Ewa!" Mama hakubaki kumwaga mchele. Aliingia ndani, akalala kifudifudi.

Nilimuuliza Koko kwa nini Mjomba asioe tu hiyo ndoa kuu, ayamalize. Koko akanivuta mpaka ukutani, akaniwekea kiganja kwenye chokaa. "Anda yake ni hii," akasema. Ndipo nikajua. Kwetu nyumba ni ya binti, na kaka ndiye humsimamishia dada yake. Mjomba alikuwa amejiwekea akiba ya ndoa yake tangu ujana. Baba yangu alipofariki, tukabaki watatu chini ya paa linalovuja, alitoa kila kitu akatujengea nyumba ya mawe. Sikuweza kulala vizuri ndani ya nyumba ile kwa siku nyingi. Nilihisi nimelalia jina la mtu.

Ubao ulikuwa wa kuchongwa Mutsamudu, maana huko ndiko mafundi waliko. Mama alikuwa anakwenda kumzuru shangazi yangu, akapewa orodha aipeleke, nami nikafuatana naye. Meli ilitutikisa usiku kucha, lakini Mutsamudu, jamani! Karafuu zimeanikwa mpaka hewa inawasha pua, harufu ya langilangi imeshika hata nguo za watu, na vichochoro vyembamba mpaka mtu mnene lazima umngoje apite. Huko tulimkuta Fundi Shaibu amekaa kwenye maranda ya mbao, patasi mkononi, mvi zimeanza.

Alinionyesha mlango aliokuwa anaumaliza. Chini kabisa, kona ya kushoto, palikuwa na jina lake, dogo kama mchwa. "Nafasi hii ni ya fundi," akaniambia. "Mwenye mlango anaamuru maua, anaamuru aya, lakini hapa haamuru. Ukilifuta jina la fundi, umeikataa kazi, na kazi uliyoikataa lazima uirudishe."

Kisha akasoma orodha. Akaisoma tena, akaigeuza nyuma.

"Dada, Ulimbo yuko wapi?"

Mama akatazama chini. "Kaka hajafanya anda."

"Mimi sikuzuiwa na anda yake," alisema Shaibu. "Nilizuiwa na mikono yake." Akaikunja karatasi, akaichomeka kwenye kofia. Mama hakumwomba kitu. Hilo nalishuhudia mbele ya Mungu, kwa sababu baadaye walimsingizia kwamba yeye ndiye aliyemtuma.

Ubao ulikuja kwa meli umefungwa ndani ya mkeka. Ukatundikwa Ijumaa baada ya sala, umefunikwa kanga. Mtaa umejaa, ngoma tayari, ghafla gari la walinzi likasimama na sote tukanyamaza. Mzungu mmoja wa sare nyeusi akauliza kwa Kifaransa nani amefariki. Mtu akamjibu hakuna, ni mambo ya mpira. Akatuangalia tulivyokuwa tumeganda, nadhani hakuamini, wakaondoka. Mzee Nassur akavuta kanga.

Majina manne, mazuri ajabu, na maua ya mviringo pembeni. Vigelegele! Kisha mtoto mmoja aliyekuwa ameinama chini ya ubao akapiga kelele, "Kuna Ulimbo! Kuna Ulimbo hapa!"

Tukasukumana. Chini kabisa, kona ya kushoto, kwa herufi ndogo kama mchwa, paliandikwa: Sule Ulimbo. Jina la Shaibu halikuwepo popote.

Mngeuona uso wa Mzee Nassur! Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mtu mmoja akasema lifutwe. Mwingine akasema halifutwi, nafasi ni ya fundi, anaandika apendalo. Mila ikakutana na mila pale bangwe. Mwishowe Mzee Nassur akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka joho likatikisika. "Kazi ni nzuri," akasema. "Hatuirudishi." Vigelegele vya pili vilikuwa vikubwa kuliko vya kwanza, na Mama alimwaga mchele wa chakula chetu chote cha wiki. Tulikula mhogo kwa siku sita na hakuna aliyenung'unika.

Mjomba aliitwa kutoka uwanjani. Hakuvishwa mharuma, hakupewa kiti. Alichuchumaa mbele ya ubao na magoti yake meusi, akapitisha kidole juu ya jina lake. Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Na jina la Shaibu liko wapi?" akauliza.

Akainuka, akaomba kisu jikoni kwetu, akateremka uwanjani, na kwenye mlingoti wa goli wa kushoto, alikosimama ujana wake wote, akachora jina la Shaibu. Herufi mbaya, zimepinda, mwalimu wetu wa chuo angempiga bakora. Tangu hapo kila kijana aliyemfundisha kudaka ilibidi auguse mlingoti ule kabla ya kipenga. Anda hakuifanya mpaka anakufa. Mcheza kwao hutunzwa, husema watu, lakini mjomba wangu alitunzwa na mgeni ambaye yeye alimnyima goli.

Siku hizi milingoti ni ya chuma. Walipouleta ule mpya niliomba wa zamani, na sasa ndio unaoshikilia paa la jiko la nyumba ile ile ya mawe. Wajukuu huning'iniza mikoba yao ya shule hapo. Juzi mmoja alinionyesha simu: wamemchagua mchezaji fulani kuwa gwiji wa wakati wote, watu maelfu kwa maelfu wamebonyeza kidole, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Nikafurahi naye, kwa nini nisifurahi? Enzi zetu tuliwanyima wengi haki yao kwa sababu ya ng'ombe wa harusi. Nyinyi angalau hamuulizi mtu ameoa vipi.

Lakini nilimuuliza swali moja. "Na wale aliowashinda, walisema nini?"

Akatafuta kwenye simu, akatafuta tena. "Hawajaulizwa, Koko."

Nikamwambia auondoe mkoba wake pale mlingotini, asome kilichoandikwa.