Dawa ya Baada ya Chakula

Baba alichongwa meno ya mbele kwa patasi ndogo akiwa kijana, maana enzi zile wasichana wa Kikamba hawakumgeukia mwanamume mwenye meno butu. Uzeeni meno hayo yalioza, yakang'olewa. Alikuwa mzee wa kanisa pale Nunguni, na fahari yake ilikuwa kusoma Neno mbele ya watu. Pengo likamfanya apige miluzi katikati ya zaburi. Vijana wakacheka, naye akaacha kusoma.

Miaka ya tisini nikampeleka Nairobi. Mimi ni muuguzi, tena mkali. Sikumuuliza mara mbili. Daktari alimpandikizia meno mawili juu ya skrubu zilizozama ndani ya mfupa wa taya. Baba akarudi kusoma. Nililia kanisani bila haya.

Mwaka haukuisha ufizi ukavimba kuzunguka zile skrubu, ukatoa usaha. Daktari alisafisha, akatueleza kwamba vijidudu vilikuwa chanzo tu. Sasa askari wa mwili wenyewe walikuwa wamepandwa na hasira na walikuwa wakiula mfupa. Akampa vidonge vya kuwatuliza, vya miezi mitatu, asiruke hata siku moja, la sivyo meno yangetoka. Mimi ndiye niliyempa baba maelekezo: "Asubuhi na jioni, ukishakula. Bila chakula usimeze, vitakuchoma tumbo." Nilimrudishia hayo kwa Kikamba, kidole kikiwa juu.

Mwaka huo mvua ilikataa. Kanisa likatangaza mfungo wa kuomba mvua. Wazee walifunga siku saba kwa maji matupu, wakapumzika kidogo, wakafunga tena. Nilikuwa kazini Kitui na hakuna aliyeniambia.

Tuliporudi kwa daktari skrubu zilikuwa zikicheza. Alizitoa bila kutumia nguvu. Kwenye kopo la dawa alilokuja nalo baba vidonge vilikuwa vimebaki tele, nikawaka palepale.

"Baba, kwa nini hukumeza?"

"Ulisema nimeze nikishakula," akajibu. "Sasa kama sijakula, ningemeza aje?"

Nikamwambia amenivunja moyo, amepoteza meno kwa ukaidi. Aliinamisha kichwa. Tangu utotoni aliniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mwaitu, nisamehe. Tuliogopa watoto watalala njaa."

Nikasema nimemsamehe. Sikumwambia kwamba kosa lilikuwa langu, na alikufa akiamini ni lake.