Nyuzi za Buluu Tumboni mwa Sambaza

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule nikashika meza yao ya samaki sokoni Cimpunda. Nilikuwa dada mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, na wadogo zangu walikula kutokana na meza ile. Tuliuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wabichi na waliokaangwa. Miaka hiyo ya Zaïre kila mtu aliwakaanga wazima, na kichwa na tumbo, bila kuwapasua.

Asubuhi moja, maman aliyenunua kwangu karibu kila siku alichukua mmoja mbichi, akampasua kwa ukucha, akavuta kutoka tumboni kitu cha buluu, chembamba kama unywele.

“Yaya, hii iko nini?”

“Sijue, maman. Labda majani ya mu ziwa.”

“Majani ya buluu? Weye ulishaka kuona wapi?”

Watu wakasimama. Kwetu sumu ya kuwekeana ina jina, karuho, na inasemwa kwamba mwenye nayo huificha chini ya ukucha. Wote wakatazama vidole vyangu. Nilifanya kama mwenye nyumba anayeonja kasiksi, pombe ya ndizi, kabla ya kumpa mgeni: nilichukua sambaza aliyekaangwa, nikamla mzima mbele yao.

“Mwenye kuweka sumu anakuwaka na dawa ya kuiponya kwa nyumba!” mwanaume mmoja akasema, wakacheka, wakaondoka.

Sikuuza kitu. Jioni tulikula waliobaki, nami nikawa nawachungulia wadogo zangu mmoja mmoja, kama aliyewalisha sumu kweli. Lakini pia nilimshuku yule maman. Ukucha uliompasua samaki ulikuwa wake, si wangu.

Kesho yake nilimfuata kwake. “Twende wote ku ziwa. Weye utaangalia mikono yangu, na mi nitaangalia yako.”

Alikubali. Tuliteremka, kila mmoja akiacha mikono yake ionekane. Wavuvi walikuwa wamefika. Nilimwomba mmoja, mzee, amwage sambaza juu ya jani la mgomba na kuwapasua mwenyewe kwa kisu chake. Wa kwanza hawakuwa na kitu. Kisha ukatoka uzi wa buluu, na katika mwingine kipande cheupe kidogo kuliko punje ya mtama.

Maman akamgeukia mvuvi. “Ni wavu yako!”

“Wavu yangu iko kijani, maman. Uko na macho?”

Mzee aliomba sindano kwa mama aliyeuza chai, akaipasha moto kwenye makaa, akaugusa ule uzi. Haukuwaka. Ulijikunja, ukawa tone gumu, ukanuka kama bidoni ya plastiki inayoungua.

“Uzi ya pamba inawakaka, inakuwa majivu. Hii iko nailoni. Mi nachomaka mwisho ya kamba yangu hivi kila siku, isifumuke.”

Kile cheupe nacho kiliyeyuka. Tulibaki tukijiuliza nailoni imeingiaje tumboni mwa samaki. Karibu nasi mwanaume alikuwa anaoga, akijisugua kwa nyuzi za mfuko wa nailoni uliofumuliwa, kama tulivyofanya sote mjini. Nyuzi zake zilikuwa za buluu. Tulimkazia macho mpaka akajifunika.

“Bamaman, munatafuta nini kwangu?”

Nyuzi za namna hiyo zilikuwa hata nyumbani kwetu, zikining’inia ukutani. Kila nilipozivuta zikiwa na maji, zilikatika vipande vidogo mkononi. Sikusema ndizo zile zile. Ziwa lilipokea maji ya mji mzima, na kamba za buluu zilikuwa nyingi.

Maman alirudi nami mpaka mezani. “Haiko karuho,” akawaambia watu. “Iko nailoni.”

“Sasa nailoni ndio chakula?” akauliza mmoja.

Maman akanigeukia. Aliniambia angenunua kama ningetoa matumbo. Basi wadogo zangu nami tukakaa chini tukipasua samaki mmoja mmoja, kazi ambayo hakuna muuzaji wa Cimpunda aliyeifanya. Majirani walituita madaktari wa sambaza. Asubuhi iliyofuata maman alikuja wa kwanza, akawageuza samaki wangu kwa muda mrefu.

“Na mu nyama yake, nailoni haiko?”

“Mu nyama siwezi kuona, maman.”

Alinitazama usoni, akawatazama samaki, kisha akasogeza sahani yake nimwekee.